Mchagga wa Desemba

Ulipita pale, usinidanganye. Ulikuwa unatoka Moshi kwenda Arusha, hujafika Bomang'ombe, ukaliona lile bango lililopita kanisa kwa urefu: msichana kavaa kofia ngumu ya kijani, kaikumbatia paneli ya sola kama mtoto mchanga, na chini yake maandishi makubwa, ENEO MAALUMU LA VIWANDA VYA TEKNOLOJIA YA KIJANI. ARDHI IPO. Ukasoma, ukarudisha macho kwenye simu yako. Hukuuliza ipo mikononi mwa nani. Babu yako naye aligeuza shingo jirani yake alipoambiwa apishe mkonge. Baba yako akageuza shingo shamba la watu lilipoamka asubuhi linaitwa ranchi. Kwenu kugeuza shingo ni urithi, mnapokezana kama kihamba, lile shamba la ukoo la mlimani.

Nami najua nikikuhutubia hutasikia, hotuba zimekukinaisha. Basi chukua mapenzi. Mapenzi huwa unayasoma mpaka mwisho.

Yalianza Memorial, soko la mitumba la Moshi mjini, Jumamosi moja ya Februari, jua limewaka mpaka turubai zinanuka. Kindness alikuwa amepiga magoti mbele ya lundo la viatu. Binti wa Machame, miaka ishirini na tisa, mfupi, ovaroli ya jinzi imekunjwa mpaka magotini, kitambaa cha njano kichwani, na masikioni hereni za waya wa shaba alizozisokota mwenyewe. Mkononi alishika buti moja la kazi, la kushoto, zuri sana. La kulia alilitafuta mpaka jasho likamtoka, kisha akainua macho akaliona. Lilikuwa mkononi mwa kijana mrefu aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate.

"Kaka, hicho kiatu kina mwenzake huku."

"Na mimi namtafuta mwenzake muda wote huu. Kumbe umemteka wewe!"

"Mimi nilianza na wa kushoto."

"Mimi nilianza na wa kulia. Mtu mstaarabu huanza na kulia."

"Mtu mstaarabu huangalia na namba. Hii ni arobaini. Hebu toa mguu wako tuuone."

Muuzaji akauona mguu, akacheka mpaka akashika nguzo ya banda. Huku kwetu kila mwanamume ni Mangi, kila binti ni Manka. "Mangi, huo mguu ni wa kusimamishia treni! Mwachie Manka viatu vyake."

Kijana akanyoosha mikono juu kama aliyekamatwa. "Nimeshindwa. Lakini niambie basi, msichana mrembo namna hii buti la kazi la nini?"

"Napanda mapaa ya watu. Nafunga sola, natengeneza betri na inveta. Banda langu liko Pasua, uliza fundi Kindness, hata kuku wananijua."

"Mungu ana mpango na sisi! Mimi ni Jovin, mpima ardhi. Niko kwenye mradi wa Zoni."

Zoni ndilo jina watu walilolipa lile eneo la bango. Kindness akamtazama upya. "Wa wapi wewe? Unaongea kama mtu wa Kinondoni."

"Nimezaliwa Dar, ila kwetu Kibosho. Nakujua vizuri. Kila Krismasi tunakuja."

"Ahaa! Mchagga wa Desemba." Kindness akafunga kamba za buti la kushoto, taratibu, makusudi. "Mnapanda na suti mpya, mnamaliza mbuzi, tarehe mbili Januari vumbi linawafuata nyuma. Mlima mnaujua kwa nyama tu."

Jovin akacheka kwa moyo, akataka kumlipia. Kindness akakataa. Wakabishana mpaka muuzaji akawafokea kwamba wanamfukuzia wateja, na mwisho Kindness akalipa mwenyewe, Jovin akaondoka mikono mitupu, ila na namba ya simu.

Kuanzia hapo simu haikupoa.

"Halo, fundi wa moyo wangu."

"Moyo wako una shoti. Hii ni mara ya nne leo."

"Ndiyo maana nahitaji fundi."

"Ulete bandani niufungue kwa bisibisi. Ila sitoi risiti."

Akauleta. Kila jioni akitoka kazini alipita Pasua, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shati lake jeupe katikati ya makopo ya nyaya, akamtazama Kindness akifungua betri zilizokufa. Kindness hakusomea kazi hiyo popote. Alifungua mzoga wa kwanza akiwa na miaka ishirini, akaungua vidole, akafungua wa pili. Miaka tisa alikuwa daktari wa takataka za nchi nyingine.

"Ukiisha mradi," Jovin akamwambia, "hutatibu tena mizoga. Betri zitatengenezwa hapahapa. Paneli hapahapa. Kuna mafunzo ya mafundi, nafasi arobaini. Nimeshapeleka jina lako, mpenzi wangu."

"Unanitania."

"Nakuapia. Fundi Kindness, msimamizi wa betri."

Siku hiyo, Jovin alipoondoka, Kindness alichukua daftari jipya akaandika kwenye jalada, kwa herufi kubwa, MSIMAMIZI WA BETRI. Shika hapo, msomaji, maana kesho utasikia wakisema watu hawa wanachukia maendeleo. Aliipenda Zoni. Aliipenda kabla hajajua kama anampenda Jovin.

"Na eneo lenyewe liko wapi hasa?" akamuuliza siku moja, kidole kwenye waya mwekundu.

"Chini huko, ng'ambo ya Bomang'ombe. Pori tupu, mpenzi. Nililitembea mwenyewe Septemba, siku nzima, sikukuta hata mbuzi."

Kindness akataka kuuliza zaidi. Hapo akaingia mama mmoja na redio iliyokufa, na Jovin akambusu Kindness kwenye kitambaa cha njano, na swali likapotea. Tambarare ni pana, akajisemea. Naye aligeuza shingo. Simtetei.

Machi mvua ikashuka. Alikuwa juu ya paa la mteja, buti zake mpya zimeshika bati vizuri, simu ikaita. Mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kindness, wameng'oa masale."

Kindness akakaa chini juu ya bati. Kama hujui isale, basi wewe nawe u wa Desemba. Ni ule mmea wenye majani marefu tunaoupanda mpakani, na juu ya makaburi yetu. Ukiuona huuvuki. Mtu mwenye akili timamu hang'oi isale la mwenzake.

"Ya wapi, mama?"

"Ya shamba la chini, Kilari, upande wote wa mfereji. Wamesimika vinguzo vya zege. Na kuna mlinzi ananiambia nimeingia eneo la watu. Mimi, Kindness! Mimi niliyeshikwa na uchungu wako hapahapa nikivuna!"

Mama yake, Beatrice kwa jina, alikuwa mjane wa miaka sitini na moja. Aliishi juu Machame, kwenye kihamba, katikati ya migomba na kahawa, na ng'ombe wake wawili. Kila Machi alishuka Kilari na mbegu kichwani kama mama mkwe wake alivyoshuka, akapanda mahindi na maharage. Mlimani ndizi na maziwa, tambarare mahindi na mabua ya ng'ombe. Kihamba bila shamba la chini ni mtu wa mguu mmoja. Hata hivyo kule chini hakuna anayejenga nyumba. Tunalima, tunavuna, tunapanda mlimani kulala. Ndivyo tulivyoishi tangu kabla ya zege kujulikana.

Saa sita mchana Kindness alikuwa ofisi ya kijiji cha Kilari, matope mpaka magotini. Mwenyekiti, Mzee Eliamini, alipokea shikamoo yake bila kuinua macho, akamsogezea karatasi mezani.

"Soma mwenyewe, mwanangu. Mimi nimesoma mara tatu, bado sijajikuta ndani."

Akasoma. *Ardhi tupu. Hakuna makazi. Hakuna mazao. Hakuna alama za mipaka. Hakuna mtu aliyejitokeza.* Tarehe ya ukaguzi ilikuwa kumi na nne Septemba. Chini yake muhuri, saini, na jina ambalo asubuhi hiyohiyo lilikuwa limempigia simu kumwita malkia.

"Pingamizi zinapokelewa kwenye mkutano wa Ijumaa ijayo, Bomang'ombe," Mzee Eliamini akasema. "Siku hiyo ikipita, basi. Iliyoandikwa tupu itakuwa tupu."

Kindness alitoka nje, akapiga akiwa amesimama kwenye mvua.

"Malkia wangu! Nilikuwa nakuwaza sasa..."

"Jovin, Kilari uliona nini?"

"Kilari? Ile ya Zoni? Nilikwambia. Vumbi tu. Uwanja umefagiliwa, hakuna nyumba, hakuna mti wa maana."

"Mchagga gani anajenga nyumba shamba la chini?"

Kindness akaendelea.

"Mahindi yanavunwa Julai, Jovin. Mabua tunabeba yote, kichwani, ng'ombe wale. Unakuja Septemba unakuta pametakata unaandika hapana mtu? Tumefagia wenyewe! Na masale uliyaonaje?"

"Yale majani? Kindness, nilidhani... nilidhani ni magugu yamejiotea. Kibosho yako makaburini, getini, najua. Lakini kule chini sijawahi kushuka. Sisi tukija..."

"Mkija ni Desemba. Najua. Mnaona mlima, mnakula mlima, mnaondoka. Lile ni shamba la mama yangu."

"Mungu wangu. Mpenzi, sikujua, nakuapia. Ngoja nione namna ya kuweka sawa, kimyakimya, mama apate eneo jingine..."

"Kimyakimya?" Kindness akacheka, kicheko kisicho na meno. "Na wengine sitini? Usinipigie tena."

Siku tatu simu iliita, hakupokea. Akapanda Machame. Mama yake alikuwa jikoni akichambua mbegu kwenye ungo, za kupanda kulia, mbovu kushoto.

"Unalia nini?"

"Mama, aliyeandika ile karatasi ndiye... ndiye yule niliyekwambia nitamleta umwone."

Mama Beatrice aliendelea kuchambua. "Mvua inatosha, usiongeze yako. Kesho tunashuka kupanda."

"Wamekataza, mama."

"Nimekuuliza?"

Walishuka asubuhi wanawake ishirini na wanne, kanga zimefungwa kiunoni, majembe begani, mbegu kichwani. Kindness alibeba spika ya kanisa aliyoifunga kwenye paneli ndogo mgongoni, akaimba nyimbo za Kwaresima kwa sauti mpaka barabara kuu. Kwenye nguzo ya kwanza ya zege mlinzi akasimama mbele yao. Kijana mwembamba, jina lake Filbert, koti la mvua limemzidi.

"Mama zangu, shikamooni. Hairuhusiwi."

"Marahaba, baba. Umekunywa chai?" Mama Beatrice akamuuliza.

"Bado."

Akampa ndizi mbili zilizochomwa, bado moto. "Hapa unalinda nini?"

"Ardhi tupu, mama. Ndivyo nilivyoambiwa."

"Basi kama ni tupu, sisi hatupo. Utazuiaje watu ambao hawapo?"

Filbert alitazama ndizi, akatazama majembe ishirini na manne, akasogea pembeni. Mpaka jioni Kilari ilikuwa imechimbwa mistari, na zile nguzo za zege zimesimama katikati ya mahindi kama wageni wasio na mwenyeji.

Siku ya pili ya kupanda, Jovin akaja. Hakuja na gari la ofisi. Alitembea kutoka lami, viatu vya ngozi vimegeuka madonge ya tope, shati jeupe limemganda mwilini, na mbele yake, kwa mikono miwili, ameshika jani la isale.

Majembe yakasimama moja baada ya jingine. Kila mwanamke pale alijua. Mchagga aliyekosewa akiletewa isale hana ruhusa ya kukataa. Hata kama ni damu, atalipokea. Jovin alipita karibu na Kindness bila kuthubutu kumtazama, akapiga goti kwenye tope mbele ya Mama Beatrice.

"Shikamoo mama. Ni mimi niliyeandika. Shangazi yangu wa Kibosho ndiye aliyenifundisha jana nije na hili."

Mama Beatrice alijifuta mikono kwenye kanga, akalichukua lile jani. "Marahaba. Nimekusamehe."

Jovin akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

"Usishushe pumzi," akamwambia. "Isale limemaliza yangu na wewe. Ile karatasi yako bado iko ofisini, inasema mimi sipo. Sasa wewe umesamehewa na nani?"

Kindness akaja, akamshika mkono, akamvuta mpaka kwenye mfereji, pale masale yalipong'olewa na kuachwa mizizi juu.

"Ijumaa utasimama useme?"

"Nikisema nilikosea nimemaliza kazi. Labda na leseni."

"Najua."

"Na ile nafasi yako, Kindness. Jina lako nililipeleka mimi. Wataliondoa kesho yake."

"Najua, Jovin!" Sauti ikapasuka. "Unadhani siitaki? Nakitaka kile kiwanda kuliko wewe, kuliko bosi wako. Miaka tisa naungua vidole! Hata nikilala naota zile mashine. Lakini sitaingia getini kwa kukanyaga mgongo wa mama. Wajenge kwa kutukuta. Watuulize, tujibu, tukubaliane au tukatae, ila watukute." Akaokota mche mmoja wa isale, akamtupia kifuani. "Unajua kupanda?"

"Sijui."

"Chimba."

Akachimba kwa mikono. Hawakuongea mapenzi. Alipanda miche kumi na mmoja, miwili ikaanguka, Kindness akaisimamisha.

Ijumaa ukumbi wa Bomang'ombe ulijaa mpaka madirishani. Mbele walikaa maafisa na mwakilishi wa mradi, mwanamume mnene wa suti ya kijivu aliyeonyesha ukutani picha za viwanda vinavyong'aa, na kila picha chini ilikuwa na ardhi ya rangi moja, isiyo na kitu. Alipomaliza, Mzee Eliamini akauliza kama kuna mwenye neno. Jovin akainuka kutoka viti vya nyuma, kati ya wanawake wa Kilari.

"Ripoti ile niliiandika mimi," akasema. Akainua karatasi. "Nilikagua Septemba, baada ya mavuno. Nilikuta mashamba yamesafishwa, nikaita pori. Nilikuta masale ya mpaka, nikaita magugu. Sikumwuliza mtu kwa sababu nilijiona mtu wa hapa. Mimi ni Mchagga na sikulijua shamba la Mchagga. Ripoti ni ya uongo. Naifuta, na hii hapa ya kweli, viwanja sitini na moja, na mipaka yake."

Mwakilishi akavua miwani. "Unaongea kama nani, bwana?"

"Mpaka asubuhi ya leo, kama mpima wenu."

Ukumbi ukalipuka. Mama mmoja akapanda juu ya kiti. Mlio wa vigelegele ulitoka nje, wapiga debe wa stendi wakaacha mabasi wakaja kuchungulia. Afisa wa ardhi alisubiri, akaandika, akanong'onezana na mwenzake, kisha akasimama. Ripoti ya Septemba imewekwa kando. Ukaguzi utarudiwa Juni, mahindi yakiwa yamesimama. Ila, akainua kidole, kitakachotambuliwa ni kiwanja kilichopandwa, ambacho mwenyewe amefika kwa miguu yake na kuandikisha jina ofisi ya kijiji kabla mwezi huu wa Machi haujaisha. Kisichoandikishwa kitabaki kitupu.

Nje, kati ya kelele za mabasi ya Arusha, Jovin alisimama na mikono mifukoni. Barua ya kufukuzwa ilikuwa imeshaingia kwenye simu yake. Jina la Kindness nalo lilikuwa limekatwa, hawakungoja hata jioni.

"Sina kazi, sina gari," akasema.

"Una miguu. Ile ya kusimamishia treni."

Akacheka, macho yamelowa. "Kindness, nikuoe?"

Kindness akamgeukia. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha buluu, na hereni zake za shaba.

"Ndugu zako wakija kuposa, waje Julai."

"Julai? Kwetu mambo yote ni Desemba. Watu wote wanakuwa wamerudi..."

"Waje Julai. Waje na magunia, waache suti. Wavune kwanza, wabebe mabua mpaka Machame kwa vichwa vyao, halafu mama atawasikiliza."

"Shangazi atazimia."

"Azimie Julai. Tutammwagia maji ya mfereji."

Jovin akamshika mkono mbele ya stendi nzima, naye Kindness hakuutoa.

Sasa turudi kwako. Viwanja ni sitini na moja. Walioandikishwa ni ishirini na wanne, wale waliobeba majembe. Thelathini na saba wenyewe wako Dar, Mwanza, Dodoma, wanasubiri Krismasi. Kimoja ni cha mama yako, sasa ni chako. Najua, kwa sababu namkumbuka akishuka na mbegu, na wewe mgongoni. Hakuna Mama Beatrice atakayekupandia, ana lake. Usiniambie utamtuma mtu, wamesema mwenyewe kwa miguu yake. Usiniambie likizo bado. Funga kitabu hiki, chukua basi la kesho alfajiri, shuka Bomang'ombe, teremka mpaka Kilari, uwaulize wanawake mpaka wenu unaishia wapi, kisha chimba. Na uje na mbegu, maana jina lisilo na zao hawaliandiki.